Eskişehir: mji uliojengwa na karakana ya treni

Ukisoma maelezo mafupi ya Eskişehir, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa uwanda wa kati wa Anatolia nchini Uturuki, utaambiwa mambo matatu kwa pumzi moja: ni mji wa kale, ni mji wa viwanda, ni mji wa vyuo vikuu. Yote matatu ni kweli. Tatizo ni kwamba hupangwa kana kwamba moja lilizaa jingine: Wafrigia (watu wa kale wa Anatolia) wakawaachia Waroma, Waroma wakawaachia Waosmani, na mwishowe wanafunzi wakajaa kwenye mikahawa ya kando ya Mto Porsuk. Haikuwa hivyo. Kati ya mji wa kale na mji wa leo kuna pengo, na kilichoziba pengo hilo ni reli iliyofika mwaka 1892. Viwanda vimetokana na reli hiyo. Vyuo vikuu vina asili nyingine kidogo, tutaifikia.

Lakini tuanze na ukale, maana ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Ukale uko sehemu tatu

Mji wa kale wenyewe, Dorylaion (kwa Kilatini Dorylaeum), hauko katikati ya Eskişehir. Uko chini ya kilima cha Şarhöyük, kaskazini-mashariki mwa mji. Kilima hicho si cha asili. Nyumba za matofali ya udongo zilibomoka, nyingine zikajengwa juu ya kifusi, nazo zikabomoka, na hivyo kwa maelfu ya miaka tangu Zama za Shaba hadi enzi za Bizanti, yaani dola ya Waroma ya mashariki. Chuo Kikuu cha Anadolu kilianza kukichimba mwaka 1989. Mtalii anayekwenda hapo akitarajia nguzo za marumaru kama za Efeso atarudi amekasirika. Kinachoonekana ni udongo, kuta fupi na mahandaki ya wachimbaji.

Dorylaion ilikuwa na maana kwa sababu ya barabara. Njia iliyotoka Konstantinopoli (Istanbul ya leo) iligawanyika hapa, moja ikielekea mashariki na nyingine kusini-mashariki kuelekea Konya. Palikuwa na maji, malisho ya farasi na chemchemi za maji moto, kwa hiyo majeshi ya Bizanti yalipageuza kambi ya kukusanyikia kabla ya kuingia nyanda za juu. Ndiyo maana vita navyo vilitokea hapa: tarehe 1 Julai 1097 jeshi la Vita vya Kwanza vya Msalaba lilipambana karibu na mji huu na Sultani Kılıç Arslan wa Waseljuki, Waturuki waliotawala Anatolia wakati huo, likamshinda. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1147, jeshi la Mjerumani Conrad III lilipita eneo hilo hilo likapigwa vibaya. Mfalme Manuel Komnenos wa Bizanti aliijenga upya ngome ya Dorylaion mwaka 1175, na mwaka uliofuata aliposhindwa kule Myriokephalon, mojawapo ya masharti ya amani lilikuwa kuibomoa. Baada ya hapo mji huo ulififia.

Ukale wa pili ni Odunpazarı, mtaa ulio kwenye mteremko wa kusini. Huu ni wa Waosmani: vichochoro vyembamba, nyumba za fremu za mbao zenye ghorofa ya juu inayochomoza barabarani, na majengo ya msikiti wa Kurşunlu yaliyojengwa mwaka 1525 kwa amri ya Çoban Mustafa Paşa. Waturuki hawakujenga juu ya magofu ya Dorylaion. Walipanda mlimani, mbali na majimaji ya tambarare ya mto. Kwa hiyo nyumba za rangi zinazojaa kwenye picha za mtandaoni hazina uhusiano wowote na Wafrigia.

Kuwaona Wafrigia kunahitaji gari. Mnara wa Yazılıkaya uko wilaya ya Han, karibu saa moja na nusu kusini mwa mji: uso wa mwamba uliochongwa hadi kimo cha mita 17 hivi, wenye nakshi za pembe kali na maandishi ya Kifrigia yanayotaja jina la Midas. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 walidhani ni kaburi la mfalme huyo, na waongozaji wengine bado wanasema hivyo. Si kaburi. Ile sehemu inayofanana na mlango chini yake ni kijishubaka cha kuwekea sanamu ya Mama Mungu wa Wafrigia.

Kufikia katikati ya karne ya 19 Eskişehir ulikuwa mji mdogo wa soko. Uliongezeka kwanza kwa wakimbizi: Watatari wa Krimea, Wacherkesi na Waislamu wa Balkani waliosukumwa na vita vya Urusi, hasa baada ya vita vya 1877 hadi 1878. Athari yao ipo hadi leo mezani. Çibörek, unga mwembamba uliokunjwa nusu duara ukiwa na nyama mbichi ya kusaga ndani na kukaangwa kwenye mafuta mengi, ni chakula cha Watatari, nacho ndicho kinachoitambulisha Eskişehir kuliko kingine chochote. Ukikingoja kipoe umekiharibu: mchuzi wa ndani hulainisha unga na kuuchana.

Kwa nini reli iliweka mizizi hapa

Mwaka 1888 Sultani Abdülhamid II aliwapa Wajerumani, wakiongozwa na Deutsche Bank, haki ya kujenga reli kutoka İzmit hadi Ankara. Ilifika Eskişehir na kisha Ankara mwaka 1892. Tawi la kwenda Konya, linaloanzia Eskişehir, lilikamilika mwaka 1896, na baadaye likawa mwanzo wa reli ya Baghdad. Njia panda ya Wabizanti ilirudi, safari hii kwa vyuma. (Benki hiyo hiyo ndiyo iliyoongoza kundi la mabenki lililogharimia reli ya kati kutoka Dar es Salaam kuanzia 1905.)

Makutano ya reli peke yake hayaleti viwanda. Kilicholeta viwanda ni tabia ya kichwa cha treni cha mvuke. Treni ikitoka bonde la Sakarya karibu na usawa wa bahari hupanda kupitia Bilecik na Bozüyük hadi karibu mita 800, ambako ndiko Eskişehir iliko. Ikifika, imekula makaa na maji mengi. Lazima jivu lizolewe, tangi lijazwe, vyuma vitiwe mafuta, mabehewa ya Ankara yatenganishwe na ya Konya. Halafu kuna boila. Maji yenye chokaa huacha ukoko mgumu ndani, juu ya mabomba yanayopitisha moto. Ukoko huo huzuia joto lisifike kwenye maji. Bomba hupata moto kupita kiasi, hulegea kwenye kiungo na kuanza kuvuja. Dawa yake ni kuosha boila mara kwa mara, na baada ya muda kung'oa mabomba yote na kutia mapya. Kazi hiyo haifanyiki kwa spana mbili: inataka kalibu, nyundo za mvuke, mashine za kukereza chuma, na mafundi waliokaa miaka.

Ndiyo sababu mwaka 1894 ilifunguliwa karakana ndogo kando ya stesheni. Mwanzoni ilifanya matengenezo madogo tu. Boila zilizohitaji kazi kubwa zilisafirishwa hadi Ujerumani. Mafundi wakuu walikuwa wageni. Ukitafuta mwanzo wa Eskişehir ya viwanda, usitafute mbali zaidi ya hapo.

Vita vya ukombozi wa Uturuki, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, viliipa karakana mtihani. Mwaka 1920 wapiganaji wa harakati ya kitaifa waliitwaa. Mizinga ya Waosmani ilikuwa imeondolewa vifungo vya nyuma vya mitutu kwa masharti ya kusalimu amri mwaka 1918, na mzinga usio na kifungo hicho ni bomba tu. Mafundi wa reli walivitengeneza upya, chuma kwa chuma, kwenye mashine zilizokusudiwa ekseli za mabehewa. Jeshi la Ugiriki liliuteka mji Julai 1921, likaondoka Septemba 1922 likiacha sehemu kubwa imeungua.

Kutoka boila hadi injini za ndege

Jamhuri ilipoanza kujenga viwanda vya serikali, Eskişehir ilikuwa na vitu viwili ambavyo miji mingi ya Anatolia haikuwa navyo: reli na mafundi. Kiwanda cha sukari kilifunguliwa Desemba 1933. Kiazisukari hakisafiri vizuri. Kina sukari ya asilimia 15 hadi 18 tu, yaliyobaki ni maji na nyuzi, na kikishang'olewa huanza kupoteza sukari kila siku inayopita. Kiwanda lazima kiwe jirani na mashamba na kando ya reli, na kipate haraka mtu wa kutengeneza pampu ikikwama katikati ya msimu. Hapa vyote vilikuwepo.

Mwaka 1961 karakana ilitoa Karakurt, kichwa cha treni cha mvuke cha tani 97 chenye nguvu ya farasi 1,915, kilichoundwa na Waturuki wenyewe. Mwaka huo huo serikali ya kijeshi iliwaamuru wahandisi wa reli waunde gari dogo la abiria. Walipewa agizo katikati ya Juni. Gari lilitakiwa liwe Ankara tarehe 29 Oktoba, sikukuu ya Jamhuri. Miezi minne na nusu, kwa watu waliozoea mabehewa. Hawakuwa na mitambo ya kugongea mabati ya bodi, kwa hiyo waligonga kwa mikono juu ya umbo la kielelezo. Injini ya silinda nne waliisubu wenyewe. Gari wakaliita Devrim, yaani mapinduzi.

Kilichofuata kila Mturuki anakijua, na wengi wanakijua vibaya. Magari mawili yalipelekwa Ankara kwa treni ya mvuke. Kwa kuwa kichwa cha treni hutoa cheche, petroli ilitolewa kwenye matangi kwa usalama, ikaachwa kidogo tu ya kuyashusha. Mipango ya kujaza njiani ikavurugika kwenye msafara. Rais Cemal Gürsel akapanda la rangi nyeusi, likaenda kama mita mia moja, likazima. Akahamia la pili, likampeleka hadi kaburi la Atatürk, mwasisi wa Jamhuri, bila shida. Magazeti yaliandika habari ya gari lililozima, na mradi ukafa. Injini haikuwa na kosa lolote. Kwa maoni yetu hata petroli isingeisha gari lile lisingeingia sokoni, kwa kuwa hakukuwa na mpango wa kulizalisha kwa wingi: hakuna kiwanda cha bodi, hakuna wauza vipuri, hakuna bajeti ya mwaka wa pili. Moja limebaki na linaonyeshwa kwenye viwanja vya kiwanda, ambacho tangu 2020 ni sehemu ya shirika la serikali la TÜRASAŞ.

Ujuzi haukufa na mradi. Matengenezo ya ndege za kijeshi yalikuwepo Eskişehir tangu miaka ya mwanzo ya Jamhuri, na mwaka 1985 ilianzishwa TEI, kampuni ya ubia na General Electric iliyoanza kwa injini za ndege za F-16. Arçelik ilifungua kiwanda cha majokofu mwaka 1975, na Ford Otosan cha malori kule İnönü mwaka 1982. Kampuni ya biskuti ya Eti ni ya hapa. Kusini mwa mkoa, Kırka, kuna machimbo makubwa ya boroni. Uturuki inashikilia zaidi ya asilimia 70 ya akiba ya dunia ya madini hayo.

Jiwe jeupe

Kuna kiwanda kimoja cha Eskişehir kisichotokana na reli: uchongaji wa lületaşı, jiwe jeupe la kutengenezea viko, ambalo wanajiolojia huliita sepioliti. Hupatikana kama mabonge yaliyotapakaa kwenye udongo, na wachimbaji huyafuata kwa visima vyembamba na vijia vya chini, vingine vikifika makumi ya mita.

Mchongaji mzuri hulifanyia jiwe kazi likiwa na unyevu. Kwanza hukwangua udongo wa nje, hulikata kutafuta nyufa, kisha huliloweka. Likiwa na maji hukatika kwa kisu cha kawaida. Tundu la tumbaku na la moshi hutobolewa kabla ya nakshi, kwani jiwe likipasuka kwenye kutoboa hasara inakuwa ndogo. Baada ya kuchonga hukaushwa taratibu. Ukilikausha kwa moto mkali, ngozi ya nje husinyaa kabla ya kiini na kiko hupata ufa. Hupigwa msasa, huchovywa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyuka, hung'arishwa. Nta hiyo ndiyo inayovuta lami ya tumbaku na kukibadilisha kiko kutoka weupe hadi rangi ya asali kwa miaka.

Ukinunua Odunpazarı, jihadhari na jiwe la unga: vumbi la mabaki lililogandamizwa kwa gundi. Ni zito zaidi, halibadiliki rangi vizuri, na uso wake ni sawasawa mno. Jiwe halisi likiwa kavu ni jepesi kiasi cha kuelea, na ukucha hulikwaruza.

Kwa muda mrefu mawe ghafi yalisafirishwa kwenda Vienna, ambako ndiko viko vilikochongwa na faida ilikobaki. Miaka ya 1970 Uturuki ilipiga marufuku kuuza nje mawe ghafi. Afrika Mashariki nayo ina jiwe hilo: Sinya, upande wa Tanzania wa bonde la Amboseli, ndiko yalikotoka mawe ya viko vya chapa ya Kiko vilivyotengenezwa Arusha.

Chuo kimoja kilichogawanyika mara mbili

Asili ya vyuo vikuu ni chuo cha uchumi na biashara kilichofunguliwa mwaka 1958. Kilikuwa kidogo na cha kawaida. Tofauti yake ilianza pale kilipojiingiza kwenye televisheni ya elimu miaka ya 1970, chini ya watu kama Yılmaz Büyükerşen. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1981, namba 2547, iliporuhusu masomo ya mbali, ni Eskişehir iliyokuwa na studio, mafundi wa kamera na waandishi wa vitabu vya kujisomea. Mwaka 1982 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Anadolu na kukabidhiwa elimu huria ya nchi nzima, kwa kuanzia programu mbili: uchumi na usimamizi wa biashara. Vipindi vilirushwa na televisheni ya taifa, vitabu vilichapwa na chuo chenyewe, mitihani ya kuchagua jibu ilifanyika wikiendi katika mikoa yote.

Hapo ndipo takwimu zinapopotosha. Ukisikia kwamba Anadolu ina wanafunzi zaidi ya milioni moja, usiwatafute mitaani. Mkoa wote wa Eskişehir una watu karibu 900,000. Wengi wamesajiliwa elimu huria na hawajawahi kufika, kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ambao hawajawahi kukanyaga Kinondoni. Ada zao, hata hivyo, zimeipa Anadolu mapato ambayo vyuo vingine vya serikali havina.

Mwaka 1993 vitivo vya tiba na uhandisi vya awali vilitengwa kuunda Chuo Kikuu cha Eskişehir Osmangazi. Mwaka 2018 Anadolu ikakatwa tena, ikazaliwa Eskişehir Teknik, iliyochukua uhandisi, usanifu majengo, sayansi na masomo ya usafiri wa anga pamoja na uwanja wa ndege wa Hasan Polatkan. Ndiyo, chuo kina uwanja wa ndege. Umepewa jina la waziri wa fedha, mwenyeji wa Eskişehir, aliyenyongwa na wanajeshi Septemba 1961, wiki chache kabla Devrim halijapelekwa Ankara na wahandisi waliotumwa na utawala huo huo.

Mto na tramu

Büyükerşen alikuwa mkuu wa Anadolu tangu 1982 hadi 1993, kisha meya tangu 1999 hadi 2024. Alirithi mto Porsuk ukinuka kwa taka za viwanda vya hapa na vya Kütahya, mkoa wa juu yake, na miezi michache baadaye mji ukatikiswa na tetemeko la Agosti 1999. Udongo wa bonde ni mchanga na matope ya mto, maji yako karibu na uso, na ardhi ya namna hiyo huongeza mtikisiko badala ya kuupunguza.

Kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kingo za mto zilijengwa upya, madaraja yakabadilishwa na tramu ikatandikwa. Ilianza Desemba 2004. Upana wa reli zake ni milimita 1,000, sawa na reli ya zamani ya kati ya Tanzania, si 1,435. Sababu ni mitaa: reli nyembamba hupinda kwenye kona kali zaidi. Mkandarasi alikuwa Yapı Merkezi, kampuni ambayo baadaye ilijenga SGR ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Treni ya mwendokasi kutoka Ankara ilifuata Machi 2009 na kuunganishwa na Istanbul Julai 2014. Sasa Ankara ni saa moja na nusu.

Kwa anayetaka kusoma huko, mgawanyiko wa vyuo si historia tu. Matangazo ya zamani bado yanaonyesha uhandisi chini ya Anadolu, haupo tena. Urubani na matengenezo ya ndege viko Teknik, kampasi ya İki Eylül kaskazini mwa mji. Tiba iko Osmangazi, kampasi ya Meşelik, kusini. Anadolu imebaki na mawasiliano, sanaa, sheria, uchumi, elimu na famasia kwenye kampasi ya Yunus Emre. Masomo mengi ni kwa Kituruki. Ufadhili wa serikali, Türkiye Bursları, hulipia mwaka mmoja wa lugha kabla ya shahada; mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21 na wastani usiopungua asilimia 70, na kwa tiba asilimia 90. Hakikisha kampasi kabla ya kulipia chumba, kwa sababu bodi ya mabweni na madalali wa mtaani wote watakuambia tu kwamba ni karibu na chuo kikuu, bila kusema kipi.